Siku ya Ishirini na Moja ya Mwezi

Mmeniuliza sana, hapa barazani na kule Mikindani kwenye kahawa, mimi na Somoe tulikwama wapi siku zote zile mpaka mkaanza kutusomea dua. Kila nikianza kusimulia, mmoja ananikatiza, wa pili anacheka, na wa tatu anakwenda kusimulia vyake. Kwa hiyo nimeandika. Shule niliishia darasa la pili, mwalimu alipohamishwa na mimi nikahama, basi herufi zikipishana mnivumilie. Mambo ya makaratasi na mihuri nimeyaacha, hayana utamu. Somoe mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Andika, Mjomba. Wao wameshasema bila hata kuandikiwa."

Kwa asiyemjua, Somoe ni mtoto wa marehemu dada yangu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kesi zake zote. Akiposwa anaulizwa mjomba, akiugua anaitwa mjomba. Ila yapo mambo ya mwili wa kike ambayo mjomba hayasikii mpaka anaingia kaburini. Ukipita yanapozungumzwa, wanawake wananyamaza, kisha wanaanza kusifia mihogo. Nimepita sehemu nyingi maishani mihogo ikisifiwa.

Somoe alikutwa na virusi vya ukimwi. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuja kikaondoka kikarudi. Mumewe, Hamisi, ni mbeba mizigo bandarini Mtwara. Yeye hakupima, na mwili wake ulikuwa kama gogo la mkorosho. Mama yake Hamisi akatangaza kisimani: aliyeanza kukonda ndiye aliyeuleta. Maneno ya kisimani hayana rufaa.

Dawa za kurefusha maisha wakati ule kwetu zilikuwa habari za redioni. Nesi mmoja wa Mtwara akamwambia Somoe kwamba Dar es Salaam kuna utafiti wa wanawake wenye virusi. Wanapimwa damu, na atakayeonekana anahitaji dawa ataanzishiwa palepale, na dawa zitamfuata Mtwara. Lakini kundi lile lilikuwa karibu kufungwa, na Somoe alikuwa na siku yake ya kufika. Akiikosa, basi, nafasi imekwenda.

"Siku gani?" nikamwuliza.

"Ya ishirini na moja ya mwezi, Mjomba," akajibu akitazama chini. "Wamesema ikizidi sana, ya ishirini na tatu."

Nikamwambia ajifunge kanga, tunaondoka.

"Hatuwezi kungoja kama wiki hivi?"

Nikamjibu kuwa mauti hayangoji wiki. Akaenda kujifunga kanga. Mimi nikadhani anaogopa sindano.

Kilambo mpaka Likombe

Tuliondoka Kilambo, kijijini kwetu, mwezi mwandamo ukiwa na siku kumi na mbili. Nimeshika hivyo kwa sababu kwetu, Ruvuma inapokaribia bahari, maji yanakwenda na mwezi, na asiyejua mwezi ni wa ngapi hujikuta amevua samaki kwa magoti. Kwa kalenda ya ukutani ilikuwa tarehe kumi na tano. Tulipanda lori la mpunga. Somoe nilimpa nafasi mbele kwa dereva, mimi nikakaa juu ya magunia na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, ambaye mwenye naye sikumwona. Njia nzima jogoo yule alinitazama kama mimi ndiye niliyemfunga.

Likombe, Mtwara mjini, tulifikia kwa binamu yangu Bakari. Bakari alikuwa karani, sasa amestaafu, ila ukarani haujamwacha. Tulipokwisha kula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na samaki nikamweleza safari.

"Tarehe ishirini na moja ni siku sita tu zijazo," akasema. "Mtafika kweli na mvua hizi?"

"Siku tisa," nikamsahihisha. "Mwezi leo una kumi na mbili."

"Ndugu yangu, daktari hahesabu mwezi wa mfungo! Ofisi zote ni mwezi wa kizungu."

"Mgonjwa ni Mwislamu."

"Na darubini ni ya Kiislamu?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mkewe Bakari alitaka kusema kitu, Bakari akamwambia ayaache mambo ya tarehe kwa wenye kujua. Somoe alikuwa ameketi pembeni akichambua ukindu wa mkeka. Sikumwuliza. Nani amwulize mtoto wakati wazee wawili wapo? Tukapatana kwamba tuwahi mwezi wa kizungu, na ukitukosa, wa Kiislamu upo nyuma yake siku tatu. Niliona tumejiwekea akiba nzuri.

Meli ya Mtwara ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, ikabaki barabara. Basi lilitaka abiria wajae, tukangoja siku mbili. Mimi nilikuwa nakwenda Chikongola, kwenye mabasi, asubuhi na jioni kuwakemea mawakala. Somoe aliosha kanga zake, akasuka nywele, akala vizuri. Nikasema moyoni, mtoto huyu hajui uzito wa jambo.

Lindi

Lindi tulifika jioni, tukaambiwa maji yamekula barabara mbele, hakuna gari linalopita. Tulikaa siku mbili nzima na asubuhi ya tatu. Mwenye nyumba ya wageni alinitazama mimi, akamtazama Somoe, akatupa chumba kimoja chenye kitanda kimoja na akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, hongera." Nilimweleza huyu ni mtoto wa dada yangu. Akasema wote husema hivyo. Nililala ukumbini juu ya benchi, na asubuhi alinipa pole kwa kufukuzwa na mke.

Hapo ndipo tulipompata Bi Tumu, Mmwera, mwanamke mnene mwenye sauti, anapeleka kamba wakavu Dar es Salaam. Viroba vyake vilikuwa vinne na harufu yake ilitosha vinane. Aliposikia mimi ni Mmakonde akafurahi kama aliyeokota mnyama wa kitoweo, maana sisi ni watani.

"Mtani, mnakwenda wapi na mvua hii? Dar hakuna panya wa kuchoma!"

"Tunakwenda kwa daktari. Na wewe funga viroba vyako, watu wanadhani Lindi nzima imefariki."

Basi tukawa ndugu. Alikuwa akimpa Somoe uji wa mtama, akamfunga shingo kwa kitambaa ili baridi isimpige. Alimwuliza anaumwa nini, na Somoe akamwambia wazi. Bi Tumu hakusogea nyuma hata kidogo. Alisema, "Mdogo wangu mmoja nimemzika na huo. Kunywa uji."

Kwenye tope

Tuliondoka Lindi mwezi mwandamo una siku kumi na saba. Kesho yake tukapita Nangurukuru, na mbele kidogo basi likakita kwenye tope mpaka mlangoni. Siku hiyo kwa kalenda ilikuwa tarehe ishirini na moja. Nilimwambia Somoe, "Mwezi wa kizungu umetuponyoka. Usijali, tunao wetu."

Akasema, "Sijali, Mjomba."

Enyi mliozoea lami ya siku hizi, hamtaelewa tope lile. Halikuwa tope la kuoshwa. Kulikuwa na magari kumi na moja mbele yetu, na kati yake malori mawili yaliyokaa wiki. Watu walikuwa wameshajenga maisha. Kuna mama alikuwa anauza chapati, kuna fundi viatu, na kuna mtu alikuwa na kesi ya kuku. Tulikula muhogo wa kuchemsha, kisha makopa, yaani muhogo mkavu, kisha kamba wa Bi Tumu, ambao aliwatoa akilalamika kuwa tunamla mtaji. Kondakta alikuwa akisema "kesho" kila asubuhi kwa uso uleule, na mimi nilimsifu, maana kusema uongo mmoja siku nne bila kuchoka si kazi ndogo.

Kila siku niliyoilaani, Somoe alikuwa mtulivu. Alisaidia kukanda chapati. Alicheka na Bi Tumu. Siku moja nilimsikia anasema, "Mungu ana hesabu zake." Nikafikiri amekata tamaa, maana mtu akikata tamaa huwa mpole.

Ukafika mwezi ishirini na moja. Mawingu yalikuwa yameufunika, nilikuwa nimehesabu kwa vidole, nikarudia, haukubadilika. Miezi yote miwili sasa ilikuwa imekwisha. Asubuhi ile lori moja lililoshindwa kupita lilikuwa linageuza kurudi Lindi, na dereva alikubali kutuchukua. Nikakunja mkeka.

"Somoe, panda. Siku imepita. Tukafie nyumbani, siyo hapa na watu wa kuku."

"Sipandi, Mjomba."

Mtoto yule hajawahi kunikatalia kitu tangu amezaliwa. Nikamwambia tena. Akalia, lakini hakupanda. Alishika mlango wa basi kwa mikono miwili. Dereva wa lori akapiga honi, watu wakaanza kukusanyika wakidhani ndoa inavunjika.

"Unataka nini hasa?" nikapaza sauti. "Siku yako ilikuwa leo! Dar es Salaam iko wapi?"

"Bado, Mjomba. Siku bado."

"Bado vipi? Mwezi una ishirini na moja!"

Akafunika uso kwa kanga. Kisha akamnong'oneza Bi Tumu sikioni. Bi Tumu alimsikiliza, akainua mikono kichwani, akaketi chini kwenye tope akacheka mpaka machozi. Kisha akajizoa, akaja, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya basi kama mtu anayekwenda kutoa habari ya msiba.

"Mtani, unajua miezi mingapi?"

"Miwili. Wa kizungu, na huu wa Mwenyezi Mungu."

"Upo wa tatu."

"Upi huo?"

"Ule ambao bila huo mama yako asingekuzaa."

Sikuelewa mara moja, nasema kweli. Nilitazama juu, kwenye mawingu. Bi Tumu akanigeuza uso kwa kidole.

"Usitazame huko. Mwezi wa mwanamke, Mmakonde wewe! Nesi alimwambia siku ya ishirini na moja tangu aingie mwezini. Wewe umembeba mtoto wa watu umemzungusha kwenye matope kwa mwezi wa mbinguni! Bahati yenu mlipewa kuchonga miti, mngepewa kuhesabu, nchi hii ingelala njaa."

Nilikaa juu ya tairi. Nilikumbuka lile la kungoja wiki, na mke wa Bakari alipotaka kusema, na Somoe akichambua ukindu. Wote walijua, isipokuwa wenye kujua. Na mtoto angemwambiaje mjomba wake neno lile? Afadhali angekufa, na nusura iwe hivyo.

"Leo ni ya ngapi basi?" nikauliza.

"Kamwulize mwenyewe."

"Siwezi."

Bi Tumu akaita, "Somoe! Ya ngapi?" Kutoka upande wa pili wa basi ukatokea mkono mmoja kwenye kona. Vidole vitano, vikafumba, vikafumbuka vitano tena, kisha vitano vya mwisho. Watu wakahesabu pamoja nami. Kumi na tano.

Nikamwambia dereva wa lori aende zake.

Mtoni, Rufiji

Baada ya hapo hesabu ikageuka. Mwanzo nilikimbizana na siku zilizokwisha pita, sasa nilikimbizana na siku zinazokuja. Siku sita tu zilibaki. Tope lilituachia siku ya pili yake, tulipovutwa na trekta, na tukafika Ndundu siku ya kumi na nane. Sitasema mwezi upi, mmeshaujua.

Rufiji ilikuwa imefura. Daraja lilikuwa halijafunguliwa, watu walivuka kwa pantoni, na pantoni lilikuwa limefungwa kwa kamba kwa sababu ya magogo yanayokuja na maji. Tukangoja siku ya kumi na tisa. Tukangoja ya ishirini. Somoe, aliyekuwa mtulivu kwenye tope lote, sasa alikuwa anasimama ukingoni anatazama maji bila kula. Kikohozi kilirudi. Mimi sasa ndiye niliyemwambia Mungu ana hesabu zake.

Asubuhi ya ishirini na moja nikaenda kwa wale wa pantoni. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu.

"Nina mgonjwa, bwana. Asipovuka leo, kesho haitamfaa."

"Anaumwa nini?"

Hapo ulimi ukanishinda. Nikasema, "Siku zake... zimefika."

Uso wake ukabadilika. "Zimefika kabisa? Uchungu umeanza lini, Mzee?"

Nilitaka kumsahihisha, wallahi. Lakini alikuwa ameshageuka anawapigia kelele vijana wafungue kamba, kuna mama anajifungua. Nikarudi mbio nikamwambia Bi Tumu. Bi Tumu hakuuliza swali hata moja. Alichukua kiroba kilichobaki nusu, akamfunga Somoe tumboni chini ya kanga.

"Mimba ya kamba," akasema. "Tembea umeegemea, mwanangu. Guna."

Walimbeba Somoe wanaume wanne. Mkubwa wa pantoni alikuwa anasema "pole mama, pole mama" huku pua yake ikikunjamana, na mmoja wa vijana akauliza kwa nini mama ananuka samaki. Bi Tumu akamwambia, "Na wewe ulipozaliwa ulinuka waridi?" Tulivuka. Magogo yalipita ubavuni yakisugua chuma. Katikati ya mto nikaona mabega ya Somoe yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka ndani ya kanga. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mama yake afariki.

Upande wa pili Bi Tumu alimwambia mkubwa yule kuwa uchungu umerudi nyuma, huwa inatokea. Yule bwana akashukuru Mungu. Namwomba radhi popote alipo.

Dar es Salaam

Tulifika Mbagala kwa mdogo wake Bi Tumu usiku, na asubuhi yake, siku ya ishirini na mbili, tulikuwa kwenye kituo cha utafiti kabla mlango haujafunguliwa. Kijana wa mapokezi akatazama daftari akasema, "Huyu alikuwa wa jana." Somoe akashika meza. Mimi nikaanza kueleza habari za tope, trekta na pantoni, na nilikuwa sijafika Nangurukuru akatokea daktari, mwanamke kijana, mwembamba, anazungumza polepole kama anayetembea juu ya mayai.

"Jana ilikuwa ya ngapi kwako, dada?"

"Ishirini na moja," Somoe akasema. Akanitazama mimi, kisha akasema tena kwa sauti, "Ya mwezi wangu."

"Basi umewahi. Mpaka kesho tunapokea."

Wakaingia ndani. Somoe alipokwisha kutolewa damu, daktari akatoka, akanikuta nimekaa, akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo moja: kwa nini siku ile na si nyingine? Kama ni damu, si inakuwepo kila siku?

Akakaa karibu nami. Nitaeleza kama nilivyoshika, palipopinda ni mimi. Alisema mwili una askari wake. Kwa mwanamume, askari wanakaa zamu ileile mwezi mzima. Kwa mwanamke, zamu zinabadilika. Yai likishatoka, mwili unajitayarisha kupokea mtoto, na mtoto nusu yake ni mgeni, ametoka kwa baba. Askari wakibaki na marungu juu, watampiga mgeni. Kwa hiyo wanaambiwa wateremshe marungu kidogo. "Sasa tunataka kujua," akasema, "siku hizo marungu yako chini, kirusi naye anafanya nini?"

"Anafanya nini?"

"Hatujajua vizuri. Ndiyo maana tulimhitaji Somoe siku hiyo na si nyingine. Miaka mingi vipimo vilifanywa zaidi kwa wanaume, Mzee. Wanawake waliachwa kwa sababu mwezi wao unasumbua hesabu."

Nikamwambia hilo nalielewa, mwezi wao umenisumbua hesabu tangu Kilambo.

Majibu tuliyafuata baada ya siku kadhaa. Daktari alisema virusi vya Somoe si vingi. Nikasimama nikasema alhamdulillahi, tumepona, dawa za nini.

"Kaa, Mzee. Usishangilie bado."

Akatueleza kwamba uchache wa mwanamke si uchache wa mwanamume. Askari wa mwanamke, alisema, huamka upesi na kwa nguvu, ndiyo sababu mwanzoni wanavibana virusi vikawa vichache. Lakini kirusi hiki ni mwizi wa ajabu, hupenda kuingia ndani ya askari aliye macho. Wanavyoamka wengi, ndivyo anavyopata nyumba za kulala, na askari wenyewe wanachoka kwa kukesha. Kwa hiyo mwanamke mwenye virusi vichache anaweza kuwa anakwenda sawa na mwanamume mwenye vingi. "Tukimpima Somoe kwa kipimo cha mwanamume," akasema, "tutamrudisha nyumbani kwa furaha, na atarudi amebebwa. Askari wake wamebaki wachache. Anaanza dawa leo."

Somoe akajifunga kanga upya. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Daktari, mume wangu ni mzima, ana nguvu. Mimi nimekonda. Mama yake anasema aliyeanza kukonda ndiye aliyeleta."

"Mumeo amepima?"

"Hapana."

"Basi hakuna anayejua. Na hata akipima, damu haitaji nani alitangulia. Kukonda mwanzo kunaonyesha mwili umepiganaje, hakuonyeshi nani alileta. Mwambie hivyo mama mkwe."

"Hatasikia."

"Hata hivyo, umesikia wewe."

Kisha daktari akasema kila anayeanza dawa awe na mtu wa kumkumbusha, asubuhi na jioni, bila kuruka. Na baada ya miezi mitatu damu itachukuliwa Mtwara, kwa siku ileile ya ishirini na moja, kwa hiyo mtu huyo ajue na tarehe. "Nani atakuwa huyo? Mama? Dada?"

Somoe alisema mama amefariki na dada hana. Nikasema ni mimi. Daktari akanipa daftari dogo, akaniambia niandike siku ya kwanza. Kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe. Somoe akainama akanitajia tarehe, nami nikaiandika bila kuinua uso, na hakuna aliyekufa.

Kurudi

Meli ilikuwa imepona, tukarudi kwa meli. Bi Tumu alikuja kutuaga na kuniambia nisihesabu mawimbi. Njiani Somoe alitapika siku mbili, sijui ni dawa au bahari. Nilimkumbusha vidonge vyake, akavitapika, nikamkumbusha tena.

Mama yake Hamisi nilimpelekea maneno ya daktari, yote, na zile habari za askari na marungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mjomba siku zote humtetea mpwa. Sikubishana. Wiki mbili baadaye Hamisi mwenyewe alinifuata shambani, nikiwa napalilia mikorosho. Alizunguka zunguka, akasifu mihogo yangu. Nikajua kuna jambo.

"Mjomba," akasema, "hivi sisi wanaume, siku ya kwenda kupima ni ya ngapi?"

"Wewe huna mwezi," nikamwambia. "Nenda hata kesho."

Ninapoandika hivi hajaenda. Anasema anajiandaa.

Somoe amenenepa kidogo, siyo sana. Kikohozi kimekwenda. Wapo wanaonicheka kwa lile daftari, mzee mzima anaweka hesabu za wanawake, nami nawaacha wacheke. Juma lililopita tulikuwa barazani, watu wanane, wanaume watano, Bakari akiwemo, alikuja kutembea kutoka Likombe. Somoe akatoka ndani na ndoo mkononi, akasimama mbele yetu wote.

"Mjomba, kesho kutwa ni siku yangu ya ishirini na moja. Tafuta gari."

Bakari akaanza kusifia mihogo. Mmoja akakohoa. Somoe alishakwenda zake kisimani.

Nikavaa viatu, nikaenda kutafuta gari.